Bunduki Yenye Ndege Wawili na Mashini ya Joséphine

Lubumbashi, mtaa wa Kenya, Machi 1993

Mama Laurentine mupendwa,

Ninaomba unisaidie kama unavyosaidia bantu bote benye kukuandikia, na unisaidie mbio, juu bibi yangu wa ndoa, Joséphine, atarudi toka Mokambo siku ya posho, Jumamosi, na akifika lazima nikuwe nimeyua nitamuambia nini. Mie ninaitwa Onésime, nilikuwa fundi wa mashini za treni, kazi ile baba yangu alifanya toka Kabalo mpaka huku, lakini toka pillage, ule uporaji wa mwaka juzi, treni zinalala, mushahara unakuja kama mvua ya Julai, na ukikuja unatosha kununua sabuni, basi tukafanya kama bantu bote, tukapata shamba pa njia ya Kasenga, tukalima mahindi na mihogo, na Mungu akatuhurumia, mahindi ikatoka muzuri, Mama, mahindi ya kupigiwa picha, na njo hapo nguruwe ba pori bakatusikia. Banafika asubuhi na mapema kama bafanyakazi ba zamani, banakula mistari miwili, banarudi kwao. Nilipiga debe, nilifunga vitambaa, nilichoma pilipili. Bananiangalia tu.

Jirani akaniambia, "Nunua bunduki ya mitutu miwili. Risasi ya kwanza ikikosa, ya pili iko tayari." Nikaona ni maneno ya akili. Nikaanza kutafuta ya bei ndogo. Hapa Kenya fundi mumoja alinionyesha bunduki ametengeneza yeye mwenyewe na bomba za maji. Nikamuuliza, "Umeshaijaribu?" Akasema, "Nilikuwa ninakungojea wewe." Nikatoka pale bila kuaga.

Kisha nikafika kwa Godefroid, mufanyabiashara wa Butembo mwenye kuuza unga kwa jumla, mukristo muzuri, hana maneno mingi. Muteja mumoja alimuachia bunduki rehani akapotelea Zambia. Mama, ile bunduki! Mbao inang'aa kama meza ya askofu, na pa chuma bamechora ndege wawili wanaruka. Niliposhika ile kitu nilijisikia mukubwa, mie mwenye sijajisikia mukubwa toka treni zilale. Godefroid akasema, "Mie bunduki siyue, ninayua unga. Acha kitu hapa, ingine utalipa kidogo-kidogo na mahindi." Kitu gani niko nayo? Sasa hii njo zambi yangu: nilibeba mashini ya kushona ya Joséphine, ile mama yake alimuachia, ile anashonea kanzu za bakwaya, nikaipeleka kwa Godefroid, na Joséphine nikamuambia mukanda umekatika, mashini iko kwa fundi.

Nikaenda kujaribu pa shamba. Nilivuta kifyatulio kimoja, kimoja tu, ninaapa, na mitutu yote miwili ikalia pamoja, nikajikuta nimekaa ndani ya shimo la kulowekea mihogo, maji mpaka kifuani, bega limevimba, na nguruwe, Mama, banaendelea kula. Tena ni kalibre seize, kumi na sita, na katika Lubumbashi yote nilipata risasi zake ine tu, mbili zimekwisha.

Sasa kuko muzee Bwalya, muvuvi wa Kasenga, anauza yake ya mitutu miwili, kalibre douze, kumi na mbili, yenye risasi zake ziko kila soko, kwa mifuko ya mahindi. Iko nzee, mbao imefungwa na waya, haina ndege hata mumoja. Nitengenezeshe ile ya sura muzuri, ao ninunue ile ya sura mubaya? Na Joséphine nimuambie nini? Nilikuwa ninafikiri kusema wezi baliingia kwa fundi.

Mimi Onésime, mwenye bega moja.

*

Onésime,

Pole ya bega. Pole yangu inaishia hapo.

Wezi waliingia kwa fundi? Mwizi ninamwona ni mmoja tu, na ameniandikia barua. Ninajua ni uchungu mwanaume kuamka asubuhi bila kazi ya kwenda, na sikucheki kwa hilo. Lakini kanzu za wanakwaya ndizo zinazokuletea chumvi nyumbani wakati treni zimelala, na wewe umechukua kitu kinacholisha ukaenda kununua kitu cha kushika mbele ya kioo.

Ya Godefroid rudisha leo. Bunduki inayolia mitutu yote kwa kifyatulio kimoja itakuvunja bega lingine, ao itamuua jirani yako mwenye akili. Kumpata fundi wa kuitengeneza kwa uhakika siku hizi ni shida, na ukimpata, risasi utatoa wapi? Mwambie Godefroid ukweli wa ile bunduki, asije akampa mtu mwingine.

Baba yangu alilinda pori miaka ishirini na alinifundisha kuchagua. Kwanza fungua uhakikishe ni tupu. Angalia ndani ya mitutu juani: ikiwa safi kama sahani, vizuri, ukiona mashimo ya kutu ao mahali pamebonyea, iache. Toa mitutu, ining'inize na kamba, igonge na kijiti: ikilia kama kengele, imeshikana, ikilia kama debe, imeachana. Funga bunduki uitikise sikioni, isicheze. Kila kifyatulio kifanye kazi yake peke yake. Mbao mbaya si ugonjwa, mbao inabadilishwa. Na karatasi: usitoe hata mfuko mmoja kabla wewe na muzee Bwalya hamjapita kwa ofisi ya wilaya kuomba ruhusa.

Lakini kwanza Joséphine. Umwambie yote, pamoja na lile shimo la mihogo, kabla hajatua mizigo. Kisha umpeleke Kasenga mkachague pamoja.

Mama Laurentine

*

Mama Laurentine,

Nilimuambia pale tu aliposhuka pa gari. Hakulia. Alisema, "Twende kwa Godefroid," na viatu vya safari mguuni. Godefroid alipomuona alisimama, akarudisha mashini mwenyewe, akaibeba pa kichwa mpaka kwetu, na ile bunduki, nilipomuambia mitutu inalia pamoja, akaivunja mbele yetu na nyundo.

Kule Kasenga, Joséphine njo aliangalia ndani ya mitutu, njo aligonga na kijiti. Muzee Bwalya akaniuliza, "Muntu mwenye kununua ni nani?" Nikamuonyesha bibi yangu. Ruhusa ilichukua majuma matatu na kuku mumoja.

Siku ya kwanza nilipiga nikakosa, nguruwe hawakuinua hata kichwa. Joséphine akasema, "Lete." Alipiga moja tu. Tulikula na majirani bote, na nyama ingine tulimupelekea Godefroid.

Sasa benye mashamba ya njia ya Kasenga banakuja nyumbani na banauliza kama mama Joséphine iko na nafasi kesho ya kubapigia nguruwe. Mimi njo ninaandika majina pa karatasi.

Onésime