Bega la Sponji

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Meza za kupigia pasi hapa hotelini zilitengenezwa kwa watu wafupi kuliko mimi. Wewe u hali gani?

Shangazi amenitumia picha za harusi ya binti yake. Umependeza, lakini koti lako limeninyima raha. Bega la kulia lina sponji, la kushoto halina. Wewe uliyewaambia wateja kwamba sponji ni mabega ya kuazima! Nimekulia chini ya meza yako ya kukatia nguo, kwa hiyo usinizungushe. Ule uvimbe umerudi?

Mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, cherehani na mimi.

Mwenye macho haambiwi tazama. Uvimbe umerudi, mara ya pili sasa, palepale bega la kushoto. Ulipoanza kuinua koti niliweka sponji kidogo upande wa kulia ili mabega yalingane. Uvimbe ulipokua, nikaongeza sponji. Watu wakalisifu koti, na mimi na akili zangu nikafurahi. Hivyo ndivyo miezi minane ilivyopita.

Sitaki kukatwa tena. Walikata mara mbili, na mara zote mbili wakasema wamemaliza. Naogopa mkono, mwanangu. Mkono huu wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa, na bila huo mimi ni mzee mwenye mkasi tu.

Baba yako


2 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye chumba cha mashuka na nililia humohumo.

Nimemuuliza nesi anayetupima wafanyakazi. Anasema aina hii ya saratani ya ngozi waliyokukuta nayo ni ya nadra, na ina mizizi inayotambaa chini ya ngozi. Wakikata kinachoonekana tu, inarudi. Ila kwenye hospitali kuu ya huko nyumbani yupo daktari anayekata kidogo, anatia wino kwenye kingo za kile kipande, anakipima kwa hadubini wewe ukisubiri, kisha anarudi kukata pale tu penye mzizi. Shangazi yuko tayari kukupeleka.

Nenda, Baba. Na mimi niruhusu nije. Likizo wamenikatalia, lakini ukisema neno moja naacha kazi.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimepangiwa tarehe ishirini na saba, nitakwenda. Shangazi yako ameshafunga mzigo utadhani tunahama.

Wewe usije. Miaka sita umejenga maisha huko, usiyabomoe kwa ajili ya nyama ya bega. Nakukataza, na sitaki tubishane.

Baba yako


8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu ukatwe. Namuuliza Shangazi, ananijibu "Baba yako yupo." Yupo ndiyo nini? Najuta kukusikiliza. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Nipo, nakula, nalala upande mmoja.

Walinikata mara nne siku hiyohiyo. Sindano ya ganzi, kipande, bandeji, halafu narudishwa kwenye benchi kusubiri. Daktari alichora ramani ya bega langu kwa wino mwekundu na wa buluu. Mara tatu alitoka akasema kingo hazijawa safi. Nikamwambia yeye ndiye fundi, anajaribisha kabla ya kumaliza, akacheka. Mara ya nne zilikuwa safi. Wameziba kwa ngozi ya pajani.

Mkono unafika kifuani, juu zaidi bado. Unaongoza kitambaa. Alinieleza bila kunificha kwamba ningekwenda siku ya sponji ya kwanza, pengine kukata mara moja kungetosha. Nitachunguzwa kila miezi sita, maana inaweza kurudi tena.

Sikuchelewa kuandika kwa sababu ya mkono. Ni aibu. Kila walipomaliza kukata, nesi alifungua mlango akauliza, "Ndugu wa mgonjwa wako wapi?" Shangazi yako alisimama mara zote, Mungu ambariki. Mimi nilikuwa namwangalia, kisha naangalia nyuma yake, na hapakuwa na mtu. Nilijua hutakuwepo. Nilikukataza mwenyewe, nawe tangu utotoni hujawahi kunivunjia neno. Lakini niliangalia mara zote nne.

Nilikulea uwe mtiifu, mwanangu, na siku ile nilitamani ungenikaidi.

Sasa kidonda kimefunga, sina ugonjwa wa kukuitia. Nakuita hivihivi. Njoo.

Baba yako