Ukoo wa Meza

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba kwa shikamoo yako ya Uhispania. Sie wazima, babu yako tu anakohoa kwa makusudi apewe asali. Mamako ndiye anayeandika, mie nnasema.

Umeuliza: ikiwa Wahispania husema *mesa*, na Wareno waliotuletea neno hilo husema vivyo hivyo, na wote wamelirithi kwa *mensa* ya Kilatini, je, meza ni yetu kweli?

Sikiliza. Nilipoolewa hapa Malindi nilikuja na meza, zawadi ya baba. Mama mkwe akaikataa. "Nile miguu inaning'inia kama popo?" Tukawa twala mkekani, mie roho juu: meza ikirudishwa kwetu, na mie ntafuatia.

Siku moja mvua ikapenya dari katikati ya chakula. Mama mkwe akaburuta sinia la wali, akajitoma chini ya meza. Mie nimesimama, narowa.

"We mwanangu, unangoja kadi? Ingia!"

Tukala humo tumebanana, vichwa vyagonga mbao, twacheka. Toka siku hiyo akawa asema "meza yetu."

Basi huyo bibi Kilatini msalimie. Mwambie mjukuu wake yuko huku, kaolewa, na harudi kwao.

Bibi yako