Bonde Chini ya Dirisha

Jumatatu, 3 Juni
Fundi kaja na pima maji yake. Kaiweka sakafuni, katikisa kichwa. Sebule nzima imekwenda mrama — kilima mlangoni, mwinamo katikati, na chini ya dirisha bonde la kuogea bata! Mbao haziwezi kulala juu ya hayo, anasema, lazima tujaze kwanza. Kaka kwenye simu: jazeni, jazeni! Baba ameshaanguka mara moja, na kwa mtu asiyeona, mara moja inatosha. Kweli. Mimi ndiye ninayeishi naye, mimi ndiye niliyemwokota. Sitaki kumwokota tena.

Alhamisi, 6 Juni
Mbao zimefika. Ngumu, nyekundu, zinanukia. Fundi hataki kuzigusa — eti zilale kwanza humu sebuleni zizoee hewa, zisije zikajikunja baadaye. Baba akauliza: na mimi je, mtanipa siku ngapi za kuzoea? Tulicheka mpaka fundi akakaa chini.

Saruji ya sakafu hii aliimwaga Baba mwenyewe, ujanani, kwa kukadiria tu. Ila bonde la dirishani si kazi yake. Lile ni la marehemu mama na cherehani yake. Kila akikanyaga kushona, kisigino chake kilikula saruji, miaka nenda rudi.

Jumatatu, 10 Juni
Fundi kamwaga saruji laini ya kusawazishia. Inajitandaza yenyewe kama uji. Bonde likanywa, likanywa, likajaa. Baba kauliza kutoka chumbani kwake: mmefika dirishani? Tumeshamaliza, Baba, huanguki tena.

Alhamisi, 13 Juni
Kazi ya mbao imekwisha. Kioo kitupu! Nikamshika Baba mkono hadi mlangoni, nikamwachia, nione furaha yake. Akavua ndara kama kawaida. Hatua moja, ya pili. Akasimama. Akapapasa kwa wayo, huku, kule.

"Mwanangu, hapa ni wapi?"

Nikadhani utani. Akaendelea, akajigonga ukutani. Yeye! Aliyekuwa akivuka sebule hii na kikombe cha chai ya moto bila tone kumwagika! Penye kilima, mlango. Penye mwinamo, meza. Penye bonde, dirisha. Nyumba nzima alikuwa akiijua kwa nyayo, na mimi nimemfutia. Nimelia bafuni, bomba nimelifungua asinisikie.

Jumamosi, 15 Juni
Hatoki chumbani. Chai nampelekea. Hajanilaumu hata kidogo — afadhali angenitukana. Mchana kaniuliza, kwa upole, kama pale dirishani pamebaki chochote. Kumbe kila asubuhi alikuwa akisimama mle bondeni kumwamkia mama. Siku zote hizo mimi najua anaota jua.

Nimewaambia nataka bonde lirudi. Kaka: umechanganyikiwa wewe, mzee atazoea. Fundi: mbao zinang'oka, lakini chini pameshakuwa jiwe. Na hilo bonde lilikuwa na kina gani? Nani alipima? Hakuna aliyepima. Tulipima usawa tu, ili tulizibe.

Jumapili, 16 Juni
Mbao za dirishani zimeng'olewa. Fundi kaniachia nyundo na patasi, kasema dhambi hiyo haifanyi yeye. Nachonga tangu asubuhi. Naandika hapa hapa chini, mkono umekufa ganzi. Baba yuko kwenye kiti, peku. Nikipumzika anashusha mguu, anapima. "Bado." Nachonga. "Bado, mwanangu." Vumbi mpaka kwenye meno.

Kaka kafika. Kasimama mlangoni, anafoka — mbao zote hizi! sakafu mpya! nyumba ina wazimu hii! Baba kama hamsikii. Mguu wake umo shimoni, unazunguka taratibu, umetulia, unazunguka tena. Machozi yanamtoka na wala hayafuti.

"Nipunguzie kidogo upande wa kushoto," kasema. "Mama yako alikuwa akielemea kushoto."