Mlango Tuliouvusha Daraja

Chumba Namba Nne,
Nyumba ya Geti la Bluu,
Ng'ambo ya Daraja.

14 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zangu nyingi pamoja na za mume wangu, ambaye kwa sasa ana mkono mmoja tu wa kukupungia. Hujambo huko uliko? Goti linaendeleaje? Na ile baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Wale wazee unaowauguza nao wameacha kukuita kwa kengele kila dakika? Sisi huku tu wazima, ukiacha huo mkono. Nitakueleza. Kaa kwanza.

Mashuka yako yalifika wiki moja baada ya harusi. Nilipoyakunjua niliyanusa kama mwendawazimu, nikitafuta harufu yako. Mume wangu akasema rangi ile ya krimu inanifanya nionekane kama mtu aliyechorwa. Ndivyo alivyo, Shangazi. Mchana kutwa anachomelea vyuma, moto unamrukia usoni, halafu anarudi nyumbani na maneno kama hayo. Nikila ananitazama. Nikipiga chafya anacheka kwa furaha. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi na bado akaenda kazini.

Katika barua yako uliniuliza, ukirudi mwakani utafute chumba jiji lipi: lile kubwa nilikokuwa nikiishi, au hili la jirani, ng'ambo ya daraja. Nilitaka kukujibu kwa mstari mmoja. Lakini jibu lenyewe tumelipata kwa damu, kwa hiyo acha nikusimulie.

Unakumbuka nilikuandikia kuwa nimehamia chumbani kwa mume wangu, kule jiji kubwa. Chumba kizuri, maji ndani, taa barabarani, na kliniki ya meno ninakofanya kazi ya mapokezi ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Sasa, mwenye nyumba wetu alikuwa na utaratibu wake: kodi kwa kichwa. Siku ya nane ya ndoa yetu alisimama mlangoni akanihesabu kwa kidole kama mbuzi wa mnadani.

"Mmoja, wawili," akasema. "Hongera, bwana harusi. Kuanzia mwezi ujao kodi na nusu yake."

Kabla yangu, mume wangu alikuwa akichomelea siku kumi na mbili za mwezi kwa ajili ya kodi. Sasa zikawa kumi na nane. Yaani hadi tarehe kumi na nane anamfanyia kazi yule mzee, ndipo aanze kunifanyia kazi mimi. Nililia. Nilijiona nimekuja kwa mume wangu nikiwa deni lenye shela.

Ukishindwa kulipa, mwenye nyumba yule haandiki barua wala haendi mahakamani. Anang'oa mlango. Ana watu wake wawili wa kazi hiyo, na mkubwa wao wanamwita Koleo, jitu lenye shingo kama gogo. Mwezi wa harusi yetu walimng'olea mlango mwalimu wa chumba cha pili. Akatundika shuka. Siku ya tatu wezi waliingia mchana kweupe, wakampiga kwa mguu wa kiti mpaka meno manne ya mbele yakabaki sakafuni. Mimi ndiye niliyemwandikisha kliniki. Aliyabeba kwenye bahasha.

Mume wangu aliporudi siku ile hakuvua hata viatu. Alichukua mashine yake, akauchomelea mlango wetu. Mlango wenyewe alikuwa ameutengeneza yeye kwa ajili ya harusi, wa chuma, na katikati ameusuka waridi kwa nondo nyembamba, majani yake na miiba yake. Alizichomelea bawaba zisichomoke. Kisha akachomelea fremu kwenye vyuma virefu alivyovizamisha ukutani. "Mke wangu hatalala nyuma ya shuka," akasema. Mlango ule usingeng'oka hata kwa tingatinga. Nilimwona mwanamume kuliko wanaume wote, na sote wawili hatukuwaza kuwa iko siku tutahama.

Siku yenyewe haikuwa mbali. Kodi ilipopanda alivuka daraja kutafuta chumba huku, akampata mama mwenye nyumba mmoja, mjane, mwenye mikono ya mtu aliyekanda zege maisha yake yote. Vyumba viwili, kwa siku saba za kazi. Siku saba, Shangazi. Mume wangu alidhani amesikia vibaya. Kisha akaonyeshwa pa kuingilia, akakuta tundu tu.

"Mlango ni wa mpangaji," mama akamwambia. "Huku kila mtu anakuja na wake na anaondoka nao. Ukifika Jumamosi kabla jua halijazama, una mlango, chumba chako. Ukichelewa nina watu watatu wanaosubiri."

Ndivyo lilivyo jiji zima la huku. Ukiona gari la kuhamisha vitu, juu kabisa pamelazwa mlango, kama maiti. Mlango mpya ungetugharimu mapato ya miezi miwili. Kwa hiyo ama tuutoe ule wa waridi, ama turudi kuhesabiwa vichwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi mume wangu aliwasha mashine ya kukatia vyuma, ikakaa kimya. Mwenye nyumba alikuwa amesikia tunahama, akakata umeme wa chumba chetu. Bawaba hazikatiki kwa mkono. Basi akachukua nyundo na tindo, akaanza kuubomoa ukuta kuizunguka fremu, tofali moja baada ya jingine, huku dereva wa pikapu akipiga honi nje.

Mwenye nyumba akaja na Koleo na mwenzake. Akasema chochote kilichoshika ukuta wake ni chake. Mume wangu akamwambia, kwa adabu kabisa, "Mzee, ukuta nitakulipa. Mlango ni wa mke wangu."

"Mke wako mwenyewe sijamaliza kukutoza," akajibu, na Koleo akacheka.

Mume wangu alimpiga Koleo ngumi ya kwanza. Sitakuficha. Ilitua chini ya jicho, na lile jitu likayumba hatua moja, moja tu. Kisha Koleo akainua mtaimbo wake wa kung'olea milango. Mume wangu alikinga kwa mkono wa kushoto, nikausikia mfupa ukivunjika, sauti kavu, ndogo, kama mtu aliyevunja biskuti. Alianguka akipiga magoti. Yule wa pili akamkanyaga mgongoni, akamkanyaga tena, na damu ya pua ikatiririka kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi ile.

Nilikuwa nimeshika pasi. Nilimpiga nayo yule wa pili kisogoni, akaenda pembeni akishika kichwa, akatoka mbio na sikumwona tena. Koleo alinikamata shingoni. Shangazi, miaka minne nimefanya kazi kliniki ya meno. Najua ya mbele yanakata na ya nyuma yanasaga. Niliupata mkono wake, nikautafuna kwa ya nyuma. Nilisikia kitu kikikatika, sikujua ni cha nani. Akapiga ukelele, akanirusha, na mimi na uzito wangu wote tukaupiga ule mlango.

Ukuta ulikuwa umeshabomolewa pande tatu. Ulilia, ukainama, kisha mlango, fremu na matofali yaliyong'ang'ania vile vyuma vikaja chini kwa pamoja juu ya mguu wa Koleo. Vumbi lilipotulia alikuwa amelala chini ya waridi langu akipiga ngumi sakafuni.

Mwalimu alitoka chumbani kwake, pengo wazi. Yeye, dereva na mimi tukauinua mlango. Si kwa huruma. Tulikuwa tunauhitaji. Mwenye nyumba alikuwa akipiga kelele kwenye simu, hakuna aliyemsikiliza. Mwalimu aliokota mtaimbo nao akautupia ndani ya pikapu. Akasema, "Huu ubakie kwenu. Huku umeshakula vya kutosha." Dereva alitaka nyongeza kwa ajili ya matofali.

Darajani nilimpakata mume wangu kichwa mapajani. Uso umevimba, jicho limefungika, mkono umekaa upande usio wake. Akaniuliza, "Waridi limepinda?" Nikamwambia jani moja tu. Akafumba jicho lililobaki, akatabasamu na meno mekundu. Siku ya harusi nilimpenda, lakini sasa naona siku ile nilikuwa najaribu tu.

Tulifika jua likiwa juu ya mapaa. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Mama mwenye nyumba akauzunguka mlango mara mbili, akahesabu matofali tisa, akasema, "Wenzako huja na mlango. Wewe umekuja na nyumba ya mwenyewe." Watu wakacheka mpaka mume wangu naye akacheka, kisha akatapika kwa maumivu. Akakataa kwenda hospitali mpaka mlango usimame. Yule mama alikanda saruji mwenyewe. Nilipoufunga kwa ndani kwa mara ya kwanza, niliufungua nikaufunga tena.

Sasa sikia, kwa sababu hapa ndipo penye jibu lako.

Kesho yake, Jumapili, tulikwenda hospitali ya huku kufungwa plasta ngumu. Kwenye benchi, mguu umenyooshwa, mkono umefungwa kitambaa, alikuwa amekaa Koleo na mkewe. Damu ilinipanda. Nilitafuta kitu cha kumpiga, nikakosa ila kadi ya hospitali. Akatutazama, akasema, "Mlango wako mzito, fundi."

Tukamuuliza kwa ukali anafanya nini hospitali ya huku. Mkewe ndiye aliyejibu. Wanaishi huku, vichochoro viwili kutoka kwetu, mwaka wa sita sasa. Jiji kubwa hawaliwezi. Mtu anayewatoa wenzake kwenye vyumba vya kule, mwenyewe hamudu hata kimoja. Na chumba chao cha huku, Shangazi, kina pazia. Miaka tisa ameng'oa milango, na yote ni mali ya bosi wake.

Kwa hiyo linganisha mwenyewe. Kule, siku kumi na nane, maji ndani, na mwenye nyumba anayekuhesabu. Huku, siku saba za kodi, ongeza nne za nauli yangu, na natoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Maji ni bomba moja la uani, na Jumatatu wanawake wawili wamepigana hapo kwa ndoo mpaka mmoja ameshonwa kichwa nyuzi sita. Vumbi usiseme. Wala usidhani unafuu huu ni wa milele: watu wanavuka daraja kila wiki, na kodi inavuka nao. Mama ameshatuambia Januari ataongeza. Lakini mlango ni wako, na mama haajiri mtu. Akitaka kukupiga atakupiga mwenyewe, uso kwa uso. Njoo huku, na uje mapema. Chumba cha kona kiko wazi, nimemwomba akushikie.

Jambo la mwisho. Alhamisi alasiri nilisikia hodi. Nilichungulia kati ya majani ya waridi nikamwona Koleo, amesimama kwa magongo. Mtu yule hajawahi kubisha hodi maishani mwake; hata namna ya kubisha hakuijua, alipiga kofi moja akangoja. Nilifungua nikiwa na mtaimbo wake mkononi.

Ndio aliofuata. Alisema mguu ukipona bosi atamrudisha kazini, na bila mtaimbo hana kazi. Nilitaka kumpa kichwani. Mume wangu akaja nyuma yangu, akauchukua kwa mkono wake mzima, akaupima uzito.

"Chuma kizuri," akasema. "Nikikikata kinatoa makomeo mawili. Mlango wako una upana gani?"

Koleo aliegemea magongo yake. Alitazama waridi, akatazama mkono wenye plasta, akatazama mkono wake mwenyewe wenye alama za meno yangu. Mkewe alikuwa amesimama getini. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo kuliko shingo yake, "Sentimita themanini."

Leo ninapokuandikia yuko hapo uani amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa, anamshikia mume wangu nondo za mlango wake mwenyewe. Aliuvunja mkono wa kushoto, basi na awe yeye mkono wa kushoto. Mtaimbo umekatwa jana. Mimi sijamsamehe; chai nampa, lakini pasi naiweka karibu.

Nisalimie binamu yangu na mumewe, na yule mpishi jirani yako aliyenitumia hereni. Mjukuu wako wa kike mwambie shangazi yake mdogo bado ana meno yote. Mungu akulinde na barafu za huko, alitie nguvu goti lako, na akurudishe ukitembea kwa miguu yako mwenyewe mpaka kwenye kizingiti chako. Mume wangu anauliza ungependa ua gani kwenye mlango wako. Ukikawia kujibu, atakuwekea waridi.

Ni mimi nikupendaye, na sasa tunakupenda wawili,
Kidoti wako.