Mlio wa Tano

Jumanne, tarehe 10 mwezi wa saba 1956

Cheti cha Sikuli kimetwaliwa. Amenieleza Théoneste Habarurema, karani wa ofisi ya kazi, mlangoni, kofia mkononi. Adalbert Sikuli ni mpiga baruti wa karyeri, machimbo ya mawe ya barabara ya Rutshuru. Bila cheti haruhusiwi kugusa hata utambi. Nikauliza sababu. Ameacha baruti moja ndani ya mwamba bila kulipuka, akasema Habarurema, akavaa kofia, akaenda kula.

Habari ya mistari minne. Niandike, niitume gazetini, basi.

Lakini nikapita karyeri kwanza. Watu wanavunja mawe kama kawaida! Kama baruti imo, wanavunja vipi? Kapita, msimamizi wao, Evariste Ntirenganya, akacheka. Baruti gani? Zilitegwa tano, zimelipuka tano. Sikuli amenyang'anywa cheti kwa uongo: alikataa kupiga firimbi ya salama, akasimamisha kazi kwa sababu ya baruti ambayo haiko.

Kwa hiyo ofisi imemwadhibu kwa kuiacha, na kapita anasema ameadhibiwa kwa kuizua. Moja tu inaweza kuwa kweli. Sikuandika kitu.

Jumatano, tarehe 11

Nimerudi ofisini. Ni ipi kati ya hizo mbili? Habarurema akajibu: zote mbili.

— Muzee, zote mbili haziwezekani.

— Kule karyeri haziwezekani. Hapa zinawezekana. Iko kifungu cha kuacha baruti, iko kifungu cha kusimamisha kazi. Bwana Mkaguzi, mkubwa wa ofisi hii, ametumia vyote, ili kimoja kikianguka kingine kisimame.

Nilimtazama vizuri. Hakuwa anatania.

Mchana nyumbani kwa Sikuli. Nyumba yenyewe ni ya kampuni. Bila cheti ataihama mwisho wa mwezi huu. Mke wake, Kahambu, alikuwa uani anachambua maharage. Sikuli ni mtu wa Butembo, mfupi, huongea huku akitazama mikono yake. Alinieleza desturi yao: baruti zikianza kulia, kila mutu anahesabu kwa sauti, karyeri nzima. Siku ile alitega tano. Watu wakaita moja, mbili, tatu, nne — wakanyamaza, wakangoja. Ndipo kapita akasema mlio wa tatu ulikuwa mkubwa, ni mbili zilizolia pamoja, hamna masikio?

Inawezekana? Inawezekana, akasema Sikuli. Ameshaona hivyo zaidi ya mara moja. Ndiyo sababu mutu anakwenda kutazama tundu la baruti. Lakini tundu la tano lilikuwa limefunikwa na mawe ya la nne, na kabla hajamaliza kuyaondoa, cheti kikatwaliwa.

— Basi, Papa, hata wewe hujui kama imo?

— Sijui. Wanaosema wanajua ni wao, kapita na ofisi.

Nilikwenda kutafuta jibu, nimerudi na swali la pili.

Alhamisi, tarehe 12

Cheti kinaweza kurudi! Habarurema tena. Mkaguzi amechoka na ugomvi. Sikuli aje Jumatatu, asaini kwamba alihesabu vibaya na kwamba mwamba hauna kitu. Atapewa cheti palepale. Asiposaini, kazi inachukuliwa na mpiga baruti wa mji wa Kiwanja, jina lake Nsabimana. Huyo ataanza Jumatatu hiyohiyo, kutoboa pembe ileile yenye tundu la tano.

Nikauliza: kama ametwaliwa cheti kwa kuiacha, atarudishiwaje kwa kusema haikuwako? Habarurema akainuka, akafunga dirisha. Upepo, akasema. Hapakuwa na upepo.

Ijumaa, tarehe 13

Mkaguzi amesafiri. Hakuna kitu.

Jumamosi, tarehe 14

Nimekaa karyeri asubuhi yote, juu ya jiwe. Watu wanavunja mawe kila upande isipokuwa pembe ya kaskazini, penye tundu la tano. Hakuna aliyewakataza. Toroli moja limebaki huko tangu siku ya milio, limejaa, na hakuna anayekwenda kulichukua.

Stoo ya vyombo iko ng'ambo ya pembe hiyo. Kapita akitoka kwenye meza yake kwenda stoo, njia iliyonyooka ingempitisha palepale. Hakupita. Alizunguka shimo lote. Akarudi, akazunguka tena. Nikamwuliza.

— Huku kuna matope, Bwana wa gazeti.

Matope! Mwezi wa saba, vumbi mpaka kwenye meno. Na juu ya mawe ya volkano, ambako hata mvua ya Aprili haikai!

Wavunja mawe walisikia. Mmoja akaita: Papa Kapita, matope hayo yana utambi? Mwingine: mwacheni, anaogopa kuchafua viatu. Karyeri yote ikacheka. Evariste hakucheka. Akawaambia wapige mawe, wasipige midomo, akaenda stoo mara ya tatu — kwa kuzunguka.

Siwezi kulichapisha. Mtu kuzunguka shimo si ushahidi. Lakini mwanzoni mwa juma alisema zimelipuka tano. Au anajua, au hajui kama Sikuli asivyojua. Miguu yake ina hesabu yake.

Jumapili, tarehe 15

Baada ya misa, kwa Sikuli. Nikamweleza habari ya matope. Hakushangaa. Kahambu alileta kasiksi, pombe ya ndizi, tukanywa. Kisha nikafanya jambo nisilolifanya katika kazi yangu: nikatoa shauri. Nikamwambia asaini. Akipata cheti, mwamba ni wake tena. Ataondoa mawe polepole, atatazama tundu, na kama baruti imo ataitoa kabla ya mtu kutoboa.

Sikuli aliweka kikombe chini, akatazama mikono yake.

— Nikisaini kwamba haimo, halafu niende kuitoa, nitasema nimetoa nini?

Kahambu akasema kutoka mlangoni:

— Na ikimlipukia? Watanipa karatasi yake mwenyewe, mkono wake mwenyewe. Mwamba hauna kitu. Watasema amekufa na nini?

— Basi, Mama, asisaini.

— Asiposaini, yule wa Kiwanja anatoboa kesho. Yeye hana mama?

Nilisema asaini, nikasema asisaini, vyote kabla ya kumaliza kikombe kimoja. Wote wawili wakanitazama kana kwamba mtu wa gazeti lazima ajue. Sijui. Nimeyapanga maneno ya kila mmoja, nimeyapangua, hayakai.

Nsabimana amefika jioni. Nilimwona sokoni ananunua tumbaku, mtu mcheshi, mzigo wake bado begani. Analala kwa kapita. Nikamwuliza kama ameelezwa habari ya pembe ya kaskazini. Ameelezwa, akasema: ajihadhari na matope.

Nikamweleza milio minne. Akaacha kucheka. Akauliza: anayesema hivyo ana cheti? Nikasema hana. Akafunga tumbaku yake, akasema atafikiri.

Kesho. Saa moja na nusu Sikuli anaitwa ofisini, kusaini au kutosaini, hajaniambia. Saa mbili kazi ya kutoboa inaanza. Siwezi kuwa mahali pawili. Nitakwenda karyeri. Nitasimama pale atakaposimama Evariste.