Jeneza la Jirani na Raba Zangu Nyeupe

Alhamisi, tarehe mosi Januari. Mtongwe, Likoni. Upepo wa kaskazi unavuma, lakini ni wa moto kama umetoka jikoni.

Shajara, leo nilikusudia kukaa barazani na kahawa niliyokatazwa, niandike malengo yangu ya mwaka kwa utulivu. Badala yake naandika nikiwa kitandani, nimeegemezwa mito mitatu, na Swaleh, mtoto wa kaka yangu, amekaa mlangoni kama askari wa geti. Nikikohoa anainuka.

Sijafa. Naliandika hilo mapema kwa ajili ya mkwe wangu aliye Kiembeni. Ndiye aliyenifungulia blogu hii nilipotoka hospitali, akanisihi niandike badala ya kumgombeza kila mtu, na ndiye huisoma kabla ya wengine. Usilie, mwanangu. Soma mpaka mwisho kwanza.

Kwa wasionijua: nilifanya kazi bandarini miaka yangu yote, nikiendesha winchi, na mwaka juzi moyo ulinigomea nikiwa nanyoa ndevu. Madaktari waliuzibua mshipa, wakaweka humo kijibomba chembamba, wakanirudisha nyumbani na mfuko wa dawa na makatazo. Chumvi, kahawa, hasira. Chumvi nimeiacha.

Kila wiki naenda kliniki ya moyo, tunafanyishwa mazoezi na binti mmoja wa bara anayeitwa Nekesa. Kabla ya mwaka kwisha alitutaka kila mmoja aje na lengo lake la mwaka mpya. Hakutaka kusikia "afya njema". Alitaka kitu ambacho mwili utakifanya, nasi tukione. Bwana mmoja wa Changamwe alisema anataka kupanda ngazi za kanisa lao bila kupumzika katikati. Mama mmoja wa Kisauni akasema anataka kucheza ngoma ya vugo katika harusi ya mjukuu wake. Ikafika zamu yangu.

Nikasema nataka kubeba jeneza.

Nekesa akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ninapata usingizi, na kama huwa nawaza kujidhuru. Yule mama wa vugo alicheka mpaka akashika kifua, tukaogopa kwamba yeye ndiye atakayetutangulia.

Ilibidi nimweleze binti wa watu. Kwetu maiti hubebwa mabegani na wanaume waliomjua, kwa miguu, na mwendo ni wa haraka kwa sababu maiti hacheleweshwi. Watu hupokezana kila baada ya hatua chache. Anayetaka kuingia hukugusa bega, wewe unachomoka, yeye anaweka lake. Asiyeweza hutembea nyuma, pamoja na wazee waliochoka.

Na kaka yangu Omari anaumwa. Ni saratani ya ini, na hospitali wamemrudisha nyumbani kwa maneno mazuri, yale ambayo maana yake kila mtu anaijua. Nyumba yake iko njiani, kati ya kwangu na msikiti.

Kaka ndiye aliyenilea baba alipokufa. Siku ya mazishi nilikuwa sifiki kiunoni mwa watu, nikawa nasukumwa huku na huku nikilia. Akaninyanyua akanikalisha shingoni mwake, akajipenyeza mpaka mbele ili mkono wangu uguse mti wa jeneza, nisije kuishi nikisema sikumzika baba. Mtu wa namna hiyo siwezi kumsindikiza nikiwa nyuma kabisa, nahema.

Nekesa alikataa. Kutembea, sawa. Kuimarisha miguu, sawa. Mzigo begani kwa mwendo wa mbio juani, hapana. Akasema lengo langu liwe kulifuata jeneza mpaka makaburini bila kusimama njiani. Nikamwambia inshallah. Yeye akadhani nimekubali.

Basi kila alasiri nikawa navaa raba nyeupe nilizoletewa na mkwe wangu, zinazolia kwenye lami kama bata, natembea kupita msikitini mpaka karibu na kivuko na kurudi. Hilo Nekesa alilijua. Asilolijua ni kwamba nikirudi nilikuwa najifungia uani na kuweka gunia la mchele begani. Siku za kwanza nililishusha haraka. Baadaye nikawa nalizungusha uani, naona fahari, nasema moyoni, Dula bado u mwanamume.

Leo asubuhi msikiti ukatangaza kwamba Bwana Hamisi, fundi cherehani wetu, amefariki. Huyu alinishonea kanzu zangu zote, na hakuna hata moja aliyoimaliza kwa wakati. Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Halafu likanijia wazo jingine, na naona haya kuliandika.

Leo nitajipima.

Tulimsalia baada ya adhuhuri. Jua lilikuwa la utosi. Jeneza lilipotoka msikitini nilisubiri mpaka tukaiacha kona ya kwanza, nikamgusa kijana mmoja bega. Akageuka, akaniona, akachomoka kwa adabu, nikaingia.

Mti wa jeneza ukanikaa begani. Nitasema ukweli, ilikuwa raha. Watu wanasema la ilaha illa Allah, miguu yote inakwenda pamoja, na mimi nimo, simo nyuma. Nilimwona Hamisi katika fikira zangu akiwa na sindano mdomoni, akiniambia kanzu itakuwa tayari kesho.

Kosa langu ni kwamba nilijua namna ya kuingia, sikufikiria namna ya kutoka.

Vijana hupokezana upesi kwa sababu wanagusana bila kuogopana. Mimi ni mzee wa mtaa, nina mvi, nimewaona wengi wao wakizaliwa. Ni kijana gani atanigusa bega kuniambia toka? Walinionea haya. Kila aliyenikaribia alitazama uso wangu, akadhani bado natafuta thawabu, akaenda kumpokea mwingine. Nami nangoja kuguswa. Kujitoa mwenyewe sikutaka, kwa kuwa niliona kama watu wote wananitazama mimi badala ya kumtazama Hamisi.

Kifua kikaanza kubana.

Mwanzoni kidogo, kama kanzu inayobana. Kisha kikashika hasa, kikapanda mpaka kwenye taya, na mkono wa kushoto ukawa mzito. Dawa yangu ya kupuliza chini ya ulimi ilikuwa mfukoni, lakini mkono mmoja uko kwenye mti na mwingine nimemshika aliye mbele yangu nisianguke. Nyuma wanasukuma, mbele wanakwenda. Nikianguka, jeneza linaanguka, na maiti ya Hamisi inaanguka barabarani mbele ya wanawe. Hilo ndilo lililonitisha kuliko moyo wenyewe. Niliomba, Ya Rabi, nipe hatua nyingine, na nyingine.

Kisha nikasikia sauti sikioni.

"Ami, toka."

Swaleh hakunigusa bega. Alinishika kwapani, akaingiza bega lake kabla langu halijatoka, akaniondoa kama mtu anayechomoa kabari chini ya mguu wa meza. Mwenzake akampokea jeneza, nalo halikuyumba hata kidogo. Likaenda zake. Sisi tukabaki pembeni, mimi nimekaa kwenye ngazi ya duka, jasho la baridi linanitoka katika joto lile, Swaleh ananipulizia dawa chini ya ulimi.

Maumivu yakapungua, yakaisha. Nikasema twende makaburini. Swaleh, ambaye hajawahi kuniinulia sauti, aliniambia, "Ami, wallahi leo utanisikiza mimi," akasimamisha tuktuk.

Hospitali walinibandika waya kifuani, wakanitoa damu, wakaniweka pale mpaka wakatoa damu tena. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho ya usingizi, akasema moyo haukuumia upya ila ulikuwa unanionya. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Akaniambia nisiinue chochote kizito kuliko sahani yangu, na Jumatatu niende kliniki. Namwogopa Nekesa kuliko nilivyomwogopa yeye.

Tuktuk iliturudisha alasiri. Tulipofika usawa wa nyumba ya Kaka, Swaleh akamwambia dereva asimame. Alikuwa amekwisha kumpigia babake simu.

Shajara, hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli wote.

Kaka amelala chumba cha mbele, kitanda kiko chini ya dirisha la barabarani. Amekonda kuliko nilivyomwacha. Macho yana manjano. Nilimpa mkono nikasema shikamoo, akaitikia, hakuuachia.

"Nimeambiwa leo ulikuwa wanitangulia," akasema.

"Nilikuwa najipima, Kaka."

"Wajipima kwa maiti ya Hamisi? Maskini Hamisi. Ungemwangusha, angekuja usiku kukudai kanzu zake."

Akacheka, kicheko kikamuuma, shemeji akaja kumfuta mdomo. Nikamweleza yote, kuhusu kliniki, kuhusu gunia la mchele, na kwamba nataka siku ikifika niwe mbele. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akageuza uso dirishani.

"Kila alasiri nasikia viatu vyako hapa nje. Kwaa, kwaa, kwaa. Nasema, huyo Dula, sasa ataingia. Vyapita. Havisimami."

Ni kweli nilikuwa nikipita. Nilikuwa napunga mkono dirishani na kupaza sauti, Kaka waonaje, na kuongeza mwendo. Nilijiambia kwamba ni mazoezi, kwamba Nekesa amekataza kusimama.

Nekesa hakuwahi kukataza kusimama kwa Kaka.

Nilikuwa naogopa. Naogopa ile rangi ya macho yake, na harufu ya chumba, na namna shati linavyomcheza. Gunia la mchele halikondi, haliombi maji, haliniulizi mbona huji. Nimeshinda wiki hizi nikijiandaa kumzika ndugu yangu, na huku yuko hai, ananisikia nikipita.

"Nikifa n'tabebwa na yeyote," Kaka akasema. "Hata watu n'siowajua watakuja kuchukua thawabu. Mimi niliye hai ndiye sina wa kunibeba. Msikiti ule pale, Ijumaa naisikia kwa kipaza sauti kama redio."

Akainua kidole kuelekea pembeni. Pale kuna kiti cha magurudumu alicholetewa tangu alipoanza kushindwa kutembea. Nimekiona kila nilipoingia chumba hicho, na sikuwahi kukiona kuwa ni kiti. Kilikuwa kimetundikwa kanzu, vikoi na taulo mpaka kimekuwa kama kabati. Wanawe walisema msikiti utamchosha. Mimi sikusema kitu, na kimya changu kilichukuliwa kuwa nimekubaliana nao.

Nililia, Shajara. Daktari alinikataza kuinua uzito, hakunikataza kulia. Kaka aliniacha nilie huku ameushika mkono wangu, kisha akasema, "Basi, wapanda presha sasa."

Shemeji akaanza kuondoa nguo kwenye kiti, moja moja, akizikunja. Swaleh akatoka, akarudi na pampu ya baiskeli, akapiga magoti kujaza matairi. Yalikuwa yamelala kabisa.

Sasa ni baada ya magharibi na Swaleh bado yuko mlangoni. Ninasikia jinsi ninavyopumua, na kila mara kifua kikigusa kidogo nasimamisha kidole kwenye simu na kungoja. Siko salama, sitawadanganya. Naogopa kwamba moyo huu unaweza kunigomea kabla ya Kaka, na hapo tutakuwa tumebadilishana zamu na yeye asiyeweza hata kukaa kwa nguvu zake. Naogopa pia kwamba kesho akiamka atakuwa amechoka, au hataamka.

Lakini lengo ninalo. Jumatatu nitamwambia Nekesa lile la jeneza nimelifuta, anipe mazoezi ya kusukuma kiti cha magurudumu kwenye barabara tambarare, na nikimwambia ndiyo, iwe ndiyo. Mpaka aniruhusu, Swaleh atasukuma, kuanzia kesho Ijumaa. Mimi nitatembea ubavuni, polepole, mkono wangu begani kwa Kaka, tukisimama kila atakapotaka kumwamkia mtu. Anawajua watu wengi. Tunaweza kuchelewa hotuba.

Nimemwambia Swaleh aniletee makubadhi yangu ya zamani kwa ajili ya msikitini kesho. Akatikisa kichwa. Kaka amempigia simu, amemwagiza kwamba nije na zile zile raba nyeupe.

Anataka azisikie zikisimama.