Chembe Hazipigi Simu

Mume wangu, Baba Rehema,

Nakusalimu kwa sababu nimelelewa vizuri, si kwa sababu hasira zimeisha. Rehema anaendeleaje? Anakula? Homa imemwacha kabisa? Mimi ni mzima, ila joto la Maskati linatuchemsha, na shuleni wametuongezea vipindi.

Naandika maana kwenye simu unanikata maneno kwa vicheko vyako. Mtoto wangu kalazwa kwa malaria, nami nakuja kupata habari ameshatoka hospitali, tena kwa wifi Mwanaidi, dada yako, aliyedhani najua! Nilipokuuliza ukanijibu nini? "Mama Rehema, sisi ni kama zile chembe za kwantamu zilizofungamana. Huku likitokea jambo, wewe huko unalihisi papo hapo, hata mwanga haufui dafu." Umeangalia kivideo kimoja, basi unamfundisha fizikia mwalimu wa fizikia!

Nilimhadithia Bi Salma, mwalimu mwenzangu ambaye wazee wake walitoka Unguja. Akasema, "Wallahi, huyo mumeo nna hamu ya kumtungia mtihani."

Sasa sikiliza. Chembe mbili zikifungamana, moja ikabaki huko Tanga na nyingine ikaja huku, tukizipima kwa namna moja majibu yanaoana. Hilo ni kweli, na linashangaza. Kama kuna kitu kinachopita kati yao kuushinda mwanga mbio, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Lakini habari haipiti, Baba Rehema! Jibu linatokea kwa bahati tu, huwezi kulichagua, kwa hiyo huwezi kulitumia kuniambia mtoto anaumwa. Mimi huku naliona langu, la kwako silijui mpaka uniambie. Ili tujue kwamba yameoana, sharti mmoja ampigie mwenzake simu. Simu hiyo hiyo uliyoshindwa kuinyanyua!

Wala usiniambie ulikuwa unanikinga na wasiwasi. Wasiwasi huo ni haki yangu, mimi ndiye niliyemzaa.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya miguu nimeipata. Wifi Mwanaidi mshukuru sana, yeye ndiye mwenye akili kwenu.

Na kama kweli unataka kujua nilihisi nini siku ile, nitakwambia. Nilikuwa mtaa wa Hamriya na Bi Salma, tunajaribu viatu dukani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nacheka, na mwanangu ametundikiwa dripu.

Mkeo,
Mama Rehema